Herufi ya Sita Kwenye Jiwe la Baba

Baba yangu, Mwalimu Wissa, alifundisha Kikopti, lugha ya kale ya ibada zetu, kanisani kwetu Shubra kwa miaka arobaini, na miaka yote hiyo aligombana na watu kwa ajili ya herufi moja. Inaitwa so. Haimo katika neno hata moja. Kazi yake ni kuwa sita, basi, maana herufi zetu ndizo tarakimu zetu. Waliotutengenezea herufi za kompyuta zamani waliiruka, wakaona nani ataitafuta. Baba aliitafuta. Vijana wa kanisa walipoandika Zaburi ya sita wakaweka herufi sima mahali pake, kwa kuwa zinafanana, aliwarudishia karatasi.

"Sima ni mia mbili," aliwaambia. "Zaburi ya mia mbili iko kwenye Biblia ya nani?"

Mwishowe so nayo ikapewa namba yake, ili kompyuta zote duniani ziitambue kwa namba hiyo. Siku alipoiona kwenye simu yangu, Baba alinunulia jengo zima keki tamu za basbusa. Majirani walidhani nimepata mchumba mwingine.

Alifariki akiwa na miaka themanini na sita, yaani pi na so. Nilitaka so ile isomeke kwenye jiwe lake siku ya arobaini. Sikutaka kingine. Abuna, padri wetu, angelisoma mbele ya wanafunzi wa Baba, na wote aliwafundisha kutafuta makosa.

Nikaandika maneno ya jiwe, nikamtumia fundi Khalaf wa marumaru kwa simu. Ilipobaki siku moja, nikaenda kulichukua na mdogo wangu, Banub. Jiwe lilikuwa linang'aa. Jina lipo, msalaba upo, pi ipo. Kando ya pi kulikuwa na kisanduku kitupu.

"Fundi, hiki nini?"

"Kisanduku."

"Nakiona. Nani kakwambia uchonge kisanduku?"

"Wewe, bibie."

Akanionyesha simu yake. Kweli, kisanduku. Simu yake ilipokea namba ya herufi, lakini sura yake haikuwa nayo, ikachora kisanduku kama simu zinavyofanya zikishindwa.

"Na wewe hukujiuliza?"

"Nikasema Wakopti wana mambo yao. Hebu tazama pembe hizo. Siku nzima, wallahi."

Pembe zilikuwa nzuri, sikatai. Jiwe jipya lingechukua siku kumi. Banub, aliyekuwa akitoroka darasa la Baba kwenda kucheza mpira, akajitia mjuzi.

"Azibe upande mmoja, dada, iwe kama C."

"Hiyo si ndiyo sima, zuzu wewe! Baba awe na miaka mia mbili na themanini?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Hata Ibrahimu hakufika huko!"

Nikaangua kilio pale pale kwenye vumbi la mawe, na zaidi ilikuwa hasira. Miaka arobaini mtu anapigania herufi moja, halafu mwanawe anamzika na kisanduku.

Fundi Khalaf akazima mashine, akaniletea chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Akangoja niipulize.

"Bibie, kuziba kutaacha kovu. Kuongeza naweza. Hamna herufi yenu yoyote inayofanana na sanduku?"

Nikachukua chaki, nikapiga mstari mmoja katikati ya kisanduku, toka ubavu huu hadi ule. Ikawa thita. Ya pembe nne, haya, lakini mtu yeyote wa kanisani angeisoma.

"Hiyo ni ngapi?" akauliza fundi.

"Tisa."

Banub akahesabu kwa vidole. "Themanini na tisa. Dada, unamwongezea Baba miaka mitatu! Abuna ataona."

"Aone."

Kuna jambo sikumwambia mtu. Baba alipokuwa hospitalini nilimwomba Mungu miaka mitatu, mitatu tu, binti yangu amalize chuo babu yake akiwepo. Niliona aibu kumwombea hivyo mzee wa umri ule, kama mtu anayedai chenji. Nikafuta pua kwa kitambaa cha fundi.

"Chonga," nikamwambia.

Siku ya arobaini Abuna alisoma jiwe kwa sauti, akafika kwenye thita, akanitazama, akaendelea. Wanafunzi wa Baba walianza kunong'onezana. Najua angekuwepo mwenyewe angenirudishia jiwe lote nikaandike upya.

Mama ndiye aliyesogea karibu. Aliishi na Baba miaka sitini na hajawahi kukosea hesabu. Akaupapasa ule mstari wa katikati kwa kidole, taratibu, kisha akanigeukia.

"Mitatu hii," akauliza, "aliishi na nani?"

"Na mimi, Mama."

Akatikisa kichwa. "Ungenigawia hata mmoja," akasema.