Sala ya Kuuombea Mtandao

Edda alianza kuushuku mtandao wa zahanati ya Daktari Aniceti siku ya pili ya likizo, na akaushuku kwa bidii ambayo walimu wake wa hesabu hawakuwahi kuiona.

Bibi yake, Leonia, alikuwa na sukari, na chini ya kidole gumba cha mguu wake kulikuwa na kidonda kilichokwisha kuanza kunuka. Kadi ya bima mpya ya serikali alikuwa nayo, imetulia ndani ya Biblia. Hospitali kubwa ilikuwa upande wa pili wa mji na bodaboda hapandi, akisema hajachoka kuishi. Basi wakajikokota kutoka Nakwa hadi zahanati hiyo, hapo Bagara, chini ya maandishi ya rangi ukutani yaliyosema TUNAPOKEA BIMA.

“Mtandao hakuna, bibi,” alisema Coletha wa mapokezi bila kuinua kichwa. “Njoo kesho. Au lipa keshi.”

“Hata jana ulisema kesho, mwanangu.”

“Mtandao ni wa serikali, bibi. Siyo wangu.”

Edda alitazama juu. Kwenye televisheni ya ukutani kwaya ilikuwa inaimba mubashara, na pembeni ya waimbaji maneno ya watazamaji yalipanda moja baada ya jingine: Amina kutoka Mbulu, mbarikiwe sana, Amina kutoka Katesh. Kwaya haikukwama hata kwenye sauti ya nne, ambayo ndiyo hukwama hata kanisani.

Mji mzima ulijua kwamba madaktari wenye zahanati zao walikutana hotelini wiki iliyopita, wakatoka wamenuna, wakisema bima hii itawafilisi. Na tangu siku hiyo mitandao ya zahanati zao zote iliugua kwa pamoja, kama bweni lililoingiliwa na surua.

Edda akasimama. Alivaa ule uso mtakatifu ambao shuleni ulikuwa umemwokoa na adhabu nyingi, na kumsababishia nyingi zaidi.

“Wazazi wangu, shikamooni.”

“Marahaba,” yaliitika mabenchi.

“Naona tunateseka wote kwa ajili ya mtandao. Naomba, kama inawapendeza, tuuombee.”

“We mtoto!” alifoka Coletha. “Kaa chini!”

Lakini Mama Rogathe, mwenyekiti wa akina mama wa usharika, alikuwa ameshaweka kikapu chake sakafuni. “Mtoto amesema neno. Tusimame.”

Wakasimama. Daktari Aniceti, aliyesikia mabenchi yakikwaruza, alitoka chumbani kwake na kukuta wagonjwa wote wamefumba macho. Alikuwa mzee wa kanisa. Angefanya nini? Akainamisha kichwa.

“Baba,” alinguruma Mama Rogathe, “wewe uliyeitenga bahari watu wakapita, utashindwa na mtandao? Ufungue, Baba! Na yeyote anayeuzuia, awe ofisini, awe barabarani, awe hata humu ndani...”

Daktari alikohoa. Edda, jicho moja wazi, alimwona akilegeza tai.

“Amina!”

Macho yote yakamgeukia Coletha. Coletha akamgeukia daktari. Daktari akaitazama sakafu, kisha akasema polepole, “Hebu jaribu tena.”

Mtandao ulirudi kabla Coletha hajamaliza kubonyeza. Vigelegele vikapigwa, mikoba ikafunguliwa, na kadi zikatoka kwa wingi ambao daktari hakuwa ameutarajia.

Chumbani, akisafisha kile kidonda, daktari alisema kwa sauti ya chini, “Unasoma wapi, binti?”

“Bweni, daktari. Mbulu.”

“Ndiko wanakowafundisha kusali hivyo?”

“Tunasali sana kabla ya kula, daktari. Ukiona chakula chenyewe utaelewa.”

Hakucheka. “Sasa nisikilize. Leo nimemtibu bibi yako. Serikali itanilipa lini?”

“Sijui.”

“Na mimi sijui. Bei wamepanga wao, siku ya kulipa watapanga wao, na wakiamua kukata watakata wao. Muuza dawa wa Arusha yeye hasubiri. Rafu zangu zikikauka, utaniombea dawa zidondoke kutoka juu?”

Edda alishuku kwamba anadanganywa. Kisha akashuku kwamba hadanganywi, na hiyo ya pili ndiyo iliyomkosesha raha.

“Keshokutwa mlete nimfunge upya,” alisema daktari. “Asikose. Kidonda hiki kikichelewa, mguu unakatwa.”

Keshokutwa yake mabenchi yalijaa mpaka nje, kwa sababu Bibi Leonia alikuwa ameutangaza muujiza Nakwa nzima. Televisheni ilikuwa nyeusi.

“Mtandao hakuna,” alisema Coletha. “Safari hii ni kweli.”

“Ati safari hii!” mtu alidakia nyuma, na watu wakacheka.

Edda alichungulia simu yake. Haikuwa na hata kijistari kimoja cha mtandao, lakini simu yake ilikuwa na tabia hiyo hata siku njema. Na televisheni kila mtu anaweza kuizima.

Mama Rogathe alisimamisha watu. Wakaomba. Coletha akajaribu, hakuna. Wakaomba tena, kwa sauti zaidi. Hakuna.

“Jamani, nawaambieni kweli!” Daktari alikuwa mlangoni, jasho linamtoka. “Hata mimi sipati simu!”

“Kuna mtu humu ana imani haba,” alisema Mama Rogathe, akimtazama yeye.

Bibi Leonia alikuwa amebaki benchini, mguu ameunyoosha. Bandeji yake ilikuwa imelowa, na nzi wawili walishaigundua. Harufu ikamfikia Edda, na ule uso mtakatifu ukamtoka wenyewe. Akamsogelea daktari.

“Daktari, ni kweli, au ni ile ya juzi?”

“Ni kweli.”

“Nitajuaje?”

“Hutajua. Serikali inashuku naiibia, mimi naishuku haitalipa, na sasa wewe umewafundisha hawa wote kunishuku mimi.”

“Mimi nimewafundisha? Nani alianza kusema mtandao hakuna?”

Daktari akajifuta jasho.

“Nikuulize moja tu,” alisema Edda, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote. “Mguu wa bibi unasubiri mtandao?”

Nyuma yao sala ya tatu ilikuwa imeanza. Daktari Aniceti akavuta kigoda, akaketi mbele ya Bibi Leonia na kuuweka ule mguu juu ya goti lake.

“Coletha, leta dawa ya kusafishia.”

“Nani atalipa, daktari?”

“Andika namba ya kadi. Mtandao ukirudi tutaingiza.”

“Na watu wa bima wakikataa?”

Daktari alikuwa anafungua bandeji, mkunjo kwa mkunjo, polepole. Mama Rogathe alifumbua jicho moja, akaona, akalifumba.

“Na wale wanaodaiwa na mtumishi wako huyu, Baba,” aliigeuza sala bila kuvuta pumzi, “wasilale! Wakila wasishibe! Mpaka wamlipe, Baba, tena kwa wakati!”

Daktari, pale kigodani, ndiye aliyeitika “Amina” kwa sauti kuliko watu wote, na Edda, kwa mara ya kwanza, akaitika macho yote mawili yakiwa yamefumbwa.