Breki ya Mnyambe

Lori lilikuwa limeshaiacha Masasi, magunia matupu yamefungwa nyuma kwa kamba, na Zabroni anakanyaga klachi kwa mguu unaouma kama jino bovu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya thelathini. Kwenye simu iliyobanwa mbele yake alama zilisomeka tisini na sita.

Kampuni yao ya kubeba korosho ilikuwa imeleta malori mapya matatu, yale yanayojiendesha yenyewe. Lakini programu ya kujiendesha ilikuwa imefungwa, na haifunguliwi kwa dereva yeyote mpaka amalize siku thelathini mfululizo bila alama zake za usalama kushuka chini ya tisini na tano. Kidude kilichofungwa chini ya usukani kiliona kila kitu: kona uliyoikata kwa kasi, gari ulilolisogelea mno, breki uliyoikanyaga ghafla. Madereva walikiita Mkwe, maana mbele yake lazima ujiheshimu.

Zabroni alikuwa na miaka hamsini na tisa. Daktari alishamwambia kwamba goti lile la kushoto halina tena siku nyingi za klachi. Lori jipya halina klachi. Akilipata, anaendelea na kazi. Akilikosa, anarudi Lupaso kushika jembe na goti lisilokunjika. Njia ya tatu hakuna.

Jana yake asubuhi ilikuja habari kwamba mjomba wake Nathanaeli amefariki huko Mnyambe. Akaenda kwa Shakila, msimamizi wa usalama pale ofisini.

"Shikamoo, Baba Sabina."

"Marahaba, mwanangu. Nimefiwa na mjomba. Anazikwa kesho."

"Pole sana, baba. Ruhusa ipo. Ila siku usipoendesha, hesabu inaanza upya, na malori yanagawiwa Jumatatu."

"Sasa hiyo ni ruhusa au mtego?"

Shakila akatazama meza. "Mimi sikuitengeneza, baba."

Basi hakuichukua. Kwa watu wa huku mjomba si ndugu wa kupuuzwa. Ndiye aliyekuoza, na ndiye angekuzika kama ungetangulia. Zabroni alijua anachokifanya, na alikifanya. Na kama vile aibu ile haitoshi, mzigo wa Jumamosi ulikuwa wa ghala la Mnyambe, na barabara ya ghalani inapita mbele ya nyumba ya marehemu.

Alipanda mlima wa Newala kama aliyepakia mayai. Akaupita mji, akashika barabara ya vumbi. Alikusudia kupita msibani polepole, avue kofia, kisha jioni arudi kuhani. Alishawaona watu wamekaa kwenye mikeka, na kofia alishaivua.

Hapo Nathanaeli akatoka kwenye mikorosho, akaingia barabarani.

Koti refu jeusi la kanisani. Fimbo. Mguu wa kulia unaburuzwa vilevile. Marehemu mwenyewe, siku ya mazishi yake!

Zabroni akakanyaga breki kwa nguvu zote za mwili. Kamba zikakatika, magunia yakaruka juu ya kichwa cha lori, vumbi likafunika kioo, simu ikalia mara mbili.

Marehemu akageuka. Kumbe ni Hamudi, mtani wa ukoo wao. Na mtani msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, wala hakuna wa kumkemea.

"Ala! Mpwa wangu!" Hamudi akapaza sauti, kikohozi cha Nathanaeli kimo humohumo. "Nimekulea, nimekuoza, leo unanipita kama shimo la barabarani? Umeolewa na hilo lori?"

Watu wakacheka mpaka kina mama waliokuwa wakilia wakajifuta machozi ya aina nyingine.

"Hamudi, toka njiani! Umeniua!"

"Mimi? Tangu lini maiti ikaua mtu? Shuka unizike."

Zabroni akatazama simu. Tisini na moja. Akazima injini, akashuka, akaenda kuzika. Hakuwa tena na cha kuchunga.

Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kwa Shakila. Binti akafungua ukurasa wa malalamiko. "Sababu ya breki. Kuna mnyama, gari, shimo, mtembea kwa miguu."

"Andika mtani."

"Mtani haipo, baba."

"Basi andika marehemu."

"Baba Sabina, tafadhali."

"Sikutanii, mwanangu. Nilimwona marehemu barabarani. Ulitaka nimgonge?"

Shakila akachagua mtembea kwa miguu. Jibu likaja kabla hajanyanyua kidole: dereva makini humwona mtembea kwa miguu mapema, alama zinabaki zilivyo.

"Na kama nisingeshika breki?"

Shakila akasema kweli. "Breki isingehesabiwa."

Malori yakagawiwa siku ileile. Dastani, aliyekuwa na tisini na nane, alipewa la kwanza. Kwenye lami linajiendesha vizuri; likifika kwenye vumbi linapotea na kumrudishia usukani. Shakila alihamishiwa Mtwara. Zabroni aliacha kazi mwezi uliofuata, akarudi Lupaso. Mkewe analima, yeye anabangua korosho akiwa amekaa. Hamudi hakuomba radhi, kwa sababu utani hauombewi radhi, na Zabroni hakumdai radhi. Ila hawajasalimiana tena. Veridiana, mjane wa Nathanaeli, alihamia kwa binti yake Chilangala.