Tiyo Chini ya Daraja

Beseni la Mama Kavugho lilianza kulia saa nne asubuhi, siku ya soko. Nilikuwa nimezima groupe, jenereta yangu, ili ipoe, nikiwa nimeinama juu ya mlango wa chuma wa mteja mmoja wa Vulamba, kwa hiyo nililisikia tangu pigo la kwanza.

Hapa Butembo mtu akipiga beseni kwa kijiko, hachezi ngoma. Anaita. Ndivyo tunavyojilinda tangu bomu za Beni. Aliyeona kitu cha kutisha haendi kukitazama, anapiga chochote alichonacho mkononi. Jirani naye anapiga sufuria. Kisha zinafuata filimbi za watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria. Mlio ukifika mwisho wa soko, hakuna anayeuliza tena nani alianza na aliona nini.

Nilitoka mlangoni. Ateliye yangu ya kuchomelea iko ukingoni mwa mto Kimemi, hatua thelathini kutoka kwenye daraja la miguu linalounganisha upande wa nguo na upande wa samaki. Niliona watu wakikimbilia darajani. Mwanamke wa blauzi ya kijani alikuwa amepiga magoti, mkono wake mmoja bado uko chini ya chuma cha daraja.

Alikuwa Madame Ngalula. Na nilijua mkono wake umeshika nini, kwa sababu kitu hicho nilikitengeneza mimi.

Madame Ngalula anafundisha jiografia. Ni mtu wa Kananga. Serikali ilimtuma kwanza Beni, kisha huku kwetu. Mume wake ni mwanajeshi, yuko Eringeti. Umeme ukikatika alikuwa analeta simu yake kwangu ichajiwe kwenye groupe, na akingoja alikuwa anaongea. Siku moja, miezi minane iliyopita, aliniuliza:

"Papa Kitsa, uko na kintu kidogo chenye kufunga muzuri, maji isiingie?"

"Ya kuweka nini?"

"Karatasi."

Akanieleza mchezo. Mtu anaficha kisanduku mahali fulani mjini, kisha anaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao. Mwingine, hata asiyemjua, anafuata namba hizo kwa simu mpaka akione. Dunia nzima watu wanacheza hivyo. Alikuwa ametazama ramani na kukuta kwamba Butembo yetu haina hata kimoja, na jambo hilo lilimuuma.

"Na mwenye kuiona anapata nini?" nikamuuliza.

"Anaandika jina yake ndani."

"Tena?"

"Anarudisha pale pale."

"Madame, huo ni mchezo ya batu bameshiba."

Alicheka mpaka akajifuta macho.

Alikuwa ameleta kopo la plastiki la margarini. Nilimwambia plastiki haimalizi wiki pale Kimemi, utakuta mtu ameshaweka chumvi ndani yake. Mimi napenda kazi inayodumu. Nilikata kipande cha tiyo, bomba la chuma la maji, urefu wa kiganja na nusu. Upande mmoja nikauchomelea. Upande wa pili nikauchonga nyuzi na kuuwekea kifuniko cha kuzungusha. Nikaipaka rangi ya kijivu, ifanane na daraja. Ili isianguke mtoni, nikaifunga kwa kebo ya breki ya pikipiki kuukuu, ncha mbili zikining'inia.

Niliigeuza mikononi nikajisifu. Yeye aliona kazi nzuri. Mimi niliona kazi nzuri. Mwanajeshi yeyote angeiona angelala kifudifudi. Nimezaliwa na kukua katika vita hivi, na sikuona nilichokitengeneza.

Kuna sheria moja katika mchezo huo: unapokwenda kwenye kisanduku, wasiocheza wasikuone, wasije wakakiiba. Asubuhi ile alikwenda kubadilisha karatasi, maana mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Akafuata sheria. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akangoja watu wapite, ndipo akapiga magoti na kuingiza mkono. Mama Kavugho, aliyekuwa amekaa nyuma ya makayabu yake, samaki wa chumvi, aliona yote hayo. Akashika kijiko.

Walimvuta kwa blauzi mpaka katikati ya njia. Tiyo ilibaki pale pale chini ya daraja, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Michée, mkubwa wa parking ya moto, alikuwa ameshamnyang'anya simu.

"Mutazame!" alipiga kelele akiinyanyua, ramani ya mchezo ikiwa wazi kwenye kioo. "Ni carte ya muji yetu! Hii alama ni pont, ni hili daraja. Hii hapa ni fasi gani? Sema!"

"Ni mchezo," alisema Madame Ngalula. "Ninaapa, ni mchezo tu."

"Anaita kifo mchezo!"

"Miye ni enseignante! Ninafundisha batoto benu!"

"Mwenye kufundisha batoto betu anajua luga yetu," mwanamke mmoja alisema. "Sema Kinande, tukusikie."

Alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Halafu akasema neno moja, la asante: "Wasingya."

Watu walicheka, kicheko kibaya.

"Hata bale baasi ba pori banajua wasingya!"

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata juu ya jicho, na damu ikashuka haraka mpaka kidevuni.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sitazunguka maneno: nilisimama. Nyuma yangu kulikuwa na rundo la vipande vya tiyo kama ile, na chuma, na moto wa kuchomelea. Nikisema ni mimi, watasema wamempata fundi wa bomu. Nilimfikiria mke wangu Germaine. Nilifikiria nyumba yetu ikiungua. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli, na zote zilinibakiza pale pale.

Halafu Madame Ngalula aliinua uso, akaniona. Tuliangaliana juu ya vichwa vya watu. Nilingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Aligeuza uso, akaendelea kusema ni mchezo, ni mchezo.

Vijana wawili walikuwa wanabingirisha tairi kutoka upande wa nguo. Michée alikuja kwangu mbio, jasho likimtoka.

"Papa Kitsa, utupatie esansi ya groupe."

"Imeisha."

Alipita chini ya mkono wangu, akaingia, akachukua bidon ya petroli nyuma ya groupe na kuitikisa. Ilisikika imejaa nusu.

"Muzee, leo unaanza uchoyo?" aliniambia, hata bila hasira, na akatoka nayo.

Nilimfuata. Sijui miguu yangu iliamua lini. Nilimshika shati kwa nyuma alipofika kwenye ngazi ya daraja.

"Michée. Ile tiyo ni miye nilitengeneza."

Aligeuka. "Unasema?"

"Ni miye. Nilikata, nikachomelea, nikapaka rangi. Yeye aliniomba kintu ya kuweka karatasi. Haiko bombe."

Watu wa karibu waliacha kupiga. Waliokuwa mbali waliendelea kupiga sufuria.

"Donc ni weye fundi yabo," mmoja alisema nyuma yangu, na nilihisi watu wakinisogelea.

"Muniache nende kuifungua," nilisema. "Nitaifungua peke yangu, apa mbele yenu. Kama ni bombe, njo mutakuwa mumejua, na miye nitakuwa nimekufa wa kwanza. Hamutapoteza kintu. Mungoje tu."

Michée alitazama bidon, akanitazama mimi.

"Dakika tano," alisema.

Nilirudi ateliye kuchukua koleo na klé, spana kubwa ya tiyo. Vijana wawili walinisindikiza na mawe mkononi, wakidhani nitakimbia. Niliporudi darajani, watu walipisha. Walirudi nyuma, wakarudi tena, mpaka daraja zima likawa tupu, nikabaki mimi na mto chini yangu. Madame Ngalula walimshikilia upande wa samaki.

Nilipiga magoti pale pale alipopiga yeye. Nilipapasa, nikaigusa. Nilikata kebo, na sauti ya koleo ilipolia mtu alipiga ukemi, watu wakalala chini. Nilisimama nayo katikati ya daraja ili kila mtu aione.

Kifuniko hakikugeuka.

Kutu ilikuwa imekamata nyuzi. Niliibana tiyo katikati ya magoti, nikatia klé, nikavuta kwa nguvu zote. Hakikugeuka. Nilijua haina kitu ndani ila karatasi. Lakini miezi minane ni mingi, na mahali palikuwa wazi kwa kila mtu, na nikawaza: kama mwingine aliiona akaweka chake? Wazo hilo lilinishika nikiwa tayari nimeinama juu yake. Niliitoa mikono kwenye klé, na watu waliona.

"Anaogopa!" mtu alisema. "Mwenyewe anaogopa! Anajua iko na nini!"

"Dakika zimeisha, Michée!"

Nilifunga macho nikavuta mara ya tatu, kwa mwili mzima. Kilio cha chuma kilitoka, kikali, na kifuniko kikazunguka. Maji ya kutu yalinimwagikia suruali. Nikageuza tiyo juu chini, na kikaanguka kidaftari kilicholowa na kikalamu kifupi. Basi.

Nilidhani yamekwisha. Michée alikuja, akaokota kidaftari, akafungua, na uso wake ukabadilika.

"Majina," alisema. Kisha kwa sauti kubwa: "Iko majina! Ni liste yabo!"

Watu walirudi kama maji. Mtu alinipiga ngumi nyuma ya shingo, nikaanguka juu ya klé yangu. Nilisikia kifuniko cha bidon kikifunguliwa, na harufu ya esansi ikafika. Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliwaza mpaka kufungua tu.

"Soma!" nilipiga kelele nikiwa chini. "Michée, soma kwa nguvu, batu basikie! Kama ni liste, tusikie bote!"

Michée ni mtu wa hasira, lakini anapenda kusikilizwa. Alinyanyua mkono, akasoma.

"Aurélie, Goma. Hénock, Beni."

Akaishia hapo, watu wakamhimiza.

"Tena?"

Alileta kidaftari karibu na macho.

"Soma!"

"Phinées," alisema polepole. "Parking ya Vulamba."

Phinées kila mtu anamjua. Ana moto nyekundu yenye filimbi mbili, na kila Jumapili anaimba korali kanisani. Alikuwa pale pale, mstari wa mbele, hatua mbili kutoka kwa Madame Ngalula, na alikuwa na jiwe mkononi.

Watu walimgeukia. Jiwe lilimtoka likaanguka mguuni pake.

"Ni miye," alisema. "Nilileta cliente wa Goma, ule Aurélie. Alitafuta nusu saa chini ya pont, miye njo nikaona. Akaniambia na weye uandike jina, umeshinda. Nikaandika. Hamuna kintu ndani, ni karatasi tu."

"Na tangu saa ile ulikuwa unajua?" Michée alimuuliza.

"Nilikuwa najua."

"Na umeshika jiwe."

"Bote balikuwa bameshika, Michée. Ningesimama mikono mitupu, mungeniuliza sababu gani."

Halafu mzee mmoja muuza ndizi akasema, "Kumbe gaidi yetu anaimba korali," na wachache wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichowalegeza. Vijana waliacha tairi liende lenyewe mpaka kwenye matope ya mto. Michée alifunga bidon, akaiweka karibu nami bila kuniangalia, akamrudishia Madame Ngalula simu yake. Hakuomba msamaha. Alisema, "Madame, siku ingine ujulishe batu," kama vile alikuwa amekosea kuegesha moto.

Doria ya wanajeshi ilifika watu wakiwa wameshaanza kupatana bei tena. Waliitazama tiyo, wakaichukua, wakasema kesho tufike bureau kujieleza. Wakaenda.

Madame Ngalula alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja, blauzi imechanika begani, jicho limeanza kufunga. Nilimsogelea. Phinées naye alileta moto yake, akaizima, akasimama kando yake akishika usukani kwa mikono miwili.

"Madame, nitakufikisha hospitali," Phinées alisema. "Ya bure."

Alinitazama mimi.

"Tangu beseni ya kwanza ulikuwa pale mulangoni?"

"Ndiyo."

"Uliona lile jiwe?"

"Niliona."

"Ningetaja jina yako, bangekuua na weye. Nikasema acha, atakuja mwenyewe." Alifuta damu kwa nyuma ya mkono. "Nilingoja, Papa Kitsa. Mpaka tairi ikafika, niko nangoja."

"Nilikuja, Madame."

"Ulikuja."

Wakati huo Mama Kavugho alikuwa amepita katikati yetu na maji ndani ya beseni lile lile la samaki, na kitambaa. Alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi kama mtoto.

"Utusamehe, mwanangu. Niliona mutu anaficha kintu. Niliogopea batoto ya soko. Sikujua. Mungu anajua, sikujua."

Madame Ngalula alimpa uso wake aufute. Alipomaliza, alinyoosha mkono, Mama Kavugho akamshika akamnyanyua, na wakaondoka hivyo, mmoja amemwegemea mwenzake, wakipita katikati ya watu waliokuwa wanauza na kununua.

Nilichukua bidon yangu kuwafuata. Bila kugeuka, Madame Ngalula alisema, "Hapana. Huyu hakujua. Ninyi mubaki."

Tukabaki, mimi na Phinées.