Pazia la Tara

Miaka mitatu Kerubo alikuwa amemwogesha Mama Yangchen, akamkata kucha, akamvumilia alipomlilia marehemu mumewe, na bado hakuwahi kuombwa kuinua lile pazia. Haika, Mtanzania wa juzi tu, alikuwa na miezi minne kazini, na ndiye aliyepewa. Basi Kerubo alikuwa na donge, na donge lenyewe halikushuka hata kwa chai.

Ukutani, katika sebule ya bibi huyo Mtibeti kule Columbia Heights, Marekani, ilitundikwa thangka, picha takatifu iliyochorwa kwenye kitambaa na kuzungushiwa hariri, ya kukunjwa kama mkeka. Aliyechorwa ni Tara wa kijani, mama wa huruma. Mguu wa kushoto ameukunja. Wa kulia ameushusha, tayari kusimama amkimbilie anayelia. Mbele yake huning'inia pazia jepesi la kumkinga na jua na moshi wa taa.

Asubuhi wauguzi walikuwa wawili, maana Mama hakuweza kuinuliwa kitandani na mtu mmoja. Akishaketi kwenye kiti chake cha magurudumu, Haika hunawa mikono, huziba mdomo kwa mtandio asiipulizie picha pumzi, kisha hukunja pazia hadi juu. Mama humweleza polepole, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: mkono huu ulio wazi ni wa kutoa; macho, mchoraji huyamalizia mwisho. Kerubo yuko jikoni, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani.

Jumanne moja Mama alirudi kulala baada ya chai, na Haika akaenda kuchukua dawa. Kerubo akaisogelea picha. Kwenye mguu wa Tara palikuwa na masizi. Alifurahi, tuseme ukweli. Kumbe huyo kipenzi hata uchafu haoni! Akachomoa mfukoni kitambaa chenye maji ya dawa, kile anachofutia vitanda, vipimajoto na viti vya choo, kwa kuwa katika kazi yao kitu hakijasafika mpaka kilowe. Akafuta mara moja tu.

Mguu ukatoka na kitambaa. Rangi zile ni mawe yaliyosagwa na kushikwa kwa gundi ya ngozi, na maji huiyeyusha gundi. Kerubo akakitupa kitambaa kwenye pipa la nje, akarudi kukunja mashuka.

Mama alipoletwa sebuleni, Haika akiwa amesharudi, aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Nani ametia maji?"

"Si mimi, Mama," alisema Haika.

"Basi nani? Kerubo haigusi. Siku ya kwanza nilimwomba ainue pazia, akaniambia kanisa lake linakataza sanamu. Nikaheshimu. Sikumwomba tena."

Kerubo akakumbuka. Ni kweli alisema hivyo, tena kwa kichwa juu, akasahau wiki ileile. Miezi yote minne alikuwa akimwonea mwenzake wivu kwa kitu alichokikataa kwa mdomo wake mwenyewe.

Mama akapiga simu kwenye ofisi iliyowaajiri wauguzi, akasema Haika asirudi tena. Haika akachukua koti lake.

"Mama, ni mimi," Kerubo alisema. "Mimi ndiye niliye-wipe hapo, na hizi wipes zetu."

Mama akamgeukia. Machozi yalimlenga. Akaushika mkono wa Kerubo kwa mikono yake yote miwili.

"Unabeba kosa la mwenzako," alisema. "Una moyo wa Tara, wewe. Na mimi sikukujua. Kesho, kanisa lako likikubali, pazia utaliinua wewe."

Hilo ndilo neno Kerubo alilolingoja miaka mitatu, na lilikuwa tamu kuliko alivyodhani. Mlangoni Haika alisimama, mkono mmoja umeingia kwenye koti, mwingine bado.

"Dada Kerubo, mwambie tena," alisema kwa Kiswahili, ambacho Mama hakukijua. "Mwambie mpaka akuamini."

Kerubo hakugeuka. Aliubana ule mkono mkavu wa bibi.

"Asante, Mama," akasema.