Geuza Pakiti, Mwanangu

Siku walipomzika paka wake Soksi nyuma ya jiko, Bibi hakulia. Alinunua lenzi ya kusomea, akaenda moja kwa moja dukani kwa Asali, akasimama mbele ya rafu ya chakula cha paka.

Mwenye duka alibandikwa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Ndiye aliyemwapia, "Chukua hiki, Bibi, samaki mtupu! Hata mimi ningekula." Bibi akaona picha ya samaki mnono kwenye pakiti, akaamini, akamlisha paka wake mpaka njia ya mkojo ikaziba, akafa. Daktari wa mifugo ndiye aliyemwonyesha maandishi madogo ya nyuma: kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Kilichotajwa kwanza kilikuwa mahindi. Samaki alikuja mwisho kabisa, naye ni ladha tu.

Basi kila aliyenyoosha mkono kwenye rafu ile, Bibi alimgusa kiwiko kwa upole.

"Geuza pakiti, mwanangu. Tusome pamoja."

Alisoma polepole, kidole kikifuata neno. Dereva mmoja wa teksi akaangua kicheko. "Makubwa! Huyu paka au kuku?" Duka zima likacheka naye, na kicheko kile kilimshuka Bibi kama maji baridi kwenye koo kavu.

Mke wa Asali akamletea kiti. "Kaa, Bibi, miguu itakuvimba."

Bibi alimshukuru kwa dhati. Wema ni wema, hata ukitoka nyumba ya adui. Akakaa, akaendelea kusoma.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa pia. Mwishowe Asali akamjia, utamu wote umemkauka mdomoni.

"Bibi, unaniua. Unataka nini? Nikutafutie paka mwingine?"

"Sitaki paka. Soma."

"Nisome nini tena?"

"Hicho ulichosema ungekula. Kwa sauti, kina mama wale walio mlangoni wasikie."

Akasoma, jasho likimtiririka: mahindi, ngano, mafuta, chumvi, ladha ya samaki. Alipomaliza, akazikusanya pakiti zote kwa mikono yake mwenyewe, akazitupa kwenye pipa la taka.

"Haya, zimetoka. Yameisha, Bibi?"

Bibi aliutazama moyo wake, akitafuta huruma. Aliikuta, ila bado changa mno. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu.

"Bado makopo, baba. Anza na lile jekundu."