Manyoya ya Bundi

Upande wote wa Kabambare, Faida ndiye aliyekuwa mwanamke pekee wa kutia manyoya kwenye mishale. Mumewe, Amisi, alifua vigumba, vile vichwa vya chuma. Faida alinyoosha uti wa mshale, akachagua manyoya, akayabandika kwa ulimbo na kuyafunga kwa kano ya swala. Wawindaji walitoka Lusangi kumfuata, wengine hata Kasongo, kwa sababu mshale wa Faida ulikwenda ulikotumwa.

Mwaka ule baruti ilikuwa adimu, na habari za vita zilikuwa zikija kutoka mto mkubwa, upande wa Kasongo. Kwa hiyo hakushangaa sana mnyapara Assumani, msimamizi wa misafara ya pembe, alipoingia uani na watu wanane akitaka mishale.

"Thelathini," alisema, akikalia kigoda cha Amisi kabla hajakaribishwa. "Vigumba vipana, vidole vitatu. Ya kuwinda."

"Nyama gani, bwana?" Amisi aliuliza.

"Mbogo."

Faida alileta kapu lake. Alitoa manyoya ya tai, marefu na magumu, akayapanga juu ya mkeka: ya ubawa wa kulia huku, ya kushoto kule.

"Kigumba kipana iko kama ubawa mbele ya mshale," alieleza. "Kinataka kujiongozea chenyewe. Nyuma lazima uweke manyoya marefu yenye nguvu, yote ya ubawa mmoja, uyalaze kidogo ili mshale uzunguke. Ukiweka mafupi au malegevu, kichwa kinashinda na mshale unakwenda unakotaka."

Assumani alisogeza manyoya ya tai kwa ncha ya fimbo yake.

"Haya yanalia hewani. Nataka ya bundi."

"Ya bundi iko laini, bwana. Yananyamaza, ni kweli, lakini hatua ishirini tu, basi. Na yakilowa yanalala. Bundi hawindi kwenye mvua."

"Hatua ishirini zinatosha. Sitaki mutu asikie."

"Mutu?" Faida aliuliza.

"Nyama," Assumani alisema. "Sitaki nyama isikie."

Faida alijua ilimpasa kunyamaza, lakini kazi ilikuwa yake na swali lilikuwa la kazi. "Mbogo gani anamungojea mwindaji mpaka hatua ishirini?"

"Kuna wanaokuja kuteka maji asubuhi."

Mmoja wa watu wake alicheka, kisha akaacha. Assumani alimtazama Faida kwa upole, kama mtu anayengoja mtoto aelewe.

Faida alielewa. Ng'ambo ya mto Luama kulikuwa na kijiji alichozaliwa, na mdogo wake Feza alikuwa bado huko. Wanaume wa kijiji hicho walikuwa wamekataa kubeba pembe hadi Kasongo. Tangu siku hiyo wanawake walipokwenda mtoni alfajiri walinzi wenye mikuki walisimama njiani. Bunduki moja ingeamsha kijiji kizima. Mshale usio na sauti ungewaangusha walinzi kwanza, na waliobaki wangefungwa kamba wakiwa na mitungi kichwani.

Assumani aliacha watu wawili uani. "Wawasaidie," alisema. Amisi alipotaka kwenda kuchoma makaa porini, mmoja alimfuata. Faida alipokwenda kisimani, mwingine alimfuata. Hakukuwa na namna ya kupeleka neno ng'ambo.

Alifanya kazi siku nne. Bundi waliletwa na watu wa Assumani, wamefungwa miguu pamoja, na yeye akawanyonyoa bila kuyatazama macho yao. Alifunga kila unyoya kwa mkono wake ule ule, akipitisha kano mara tatu na kuivusha juu yake yenyewe, kwa sababu vidole vyake havikujua kufunga vibaya.

Siku ya nne alifika hatua ambayo kwa kawaida huchukua nta ya nyuki, huipasha moto na huupaka kila unyoya kidogo ili umande usiuguse. Alilishika donge la nta kwa muda. Watu wawili wa Assumani walikuwa wakila mihogo mlangoni. Amisi, kwenye mvukuto, aliona mkono wa mkewe ukirudisha nta ndani ya chungu bila kuipaka, na kukifunika. Aliendelea kuvukuta.

Assumani alikuja kujaribu saa sita, jua likiwa kali. Mshale uliondoka kwenye upinde bila sauti yoyote ukakata mgomba uliokuwa hatua ishirini, na kilele cha mgomba kikaanguka taratibu.

"Nzuri sana, mama," Assumani alisema.

"Bwana, nilikuambia. Manyoya yasilowe."

"Tumesikia."

Wakaondoka na mishale. Usiku huo mvua ilinyesha mpaka kulipokaribia kupambazuka, kisha ikabaki ukungu na nyasi zinazodondoka maji.

Siku ya pili yake Assumani alirudi na watu watano, matope hadi magotini. Alitupa mshale miguuni pa Faida. Manyoya yalikuwa yamegandamana kama kifaranga aliyetolewa kwenye ndoo.

"Ulijua."

"Nilikuambia mbele ya watu wako," Faida alisema. "Mara mbili."

Assumani aliwageukia. Mzee kati yao, Faradji, alitazama chini. "Alisema, bwana. Sisi sote tulisikia."

Basi hakumpiga. Alinyoosha fimbo kumwelekea Amisi, wakamfunga mikono na kumtwika nyundo na mvukuto wake, kwani boma la Kasongo lilihitaji mfua chuma. Amisi aligeuka mara moja tu njiani.

"Nenda kwa Feza," alisema.

Faida alivuka Luama siku ile ile. Kijiji kilikuwa kikifunga mizigo. Walinzi walikuwa hai wote. Mishale ilikuwa imepinda hewani na kuingia kwenye matete, na kelele za walinzi zikawahi kuamsha kijiji. Wasichana wawili walikuwa wamechukuliwa. Feza alikuwa amelala kwenye mkeka, bega limefungwa majani.

"Yaya," alisema, kama alivyomwita dada yake mkubwa tangu utotoni. "Ule mushale ulimulenga Alimasi, mulinzi. Mimi nilikuwa mbali pembeni. Umegeuka wenyewe umenifuata."

Faida aliosha kidonda. Kilikuwa kipana vidole vitatu. Mshale wenyewe uliegemezwa ukutani, na kano ilikuwa imepitishwa mara tatu na kuvushwa.

"Ni nani anawafanyia watu vitu kama hivi?" Feza aliuliza.

Faida alikamua kitambaa. "Mimi."

Akaeleza yote: bundi, nta, Amisi. Feza hakulivuta bega lake. Alisikiliza hadi mwisho akitazama paa, na siku ile hakumwita tena yaya.

Walihamia msituni kabla ya jua kuzama. Miezi mitano baadaye Kasongo ilianguka vitani, na wakimbizi wakapita siku nyingi kwa njia ya Kabambare. Faida alitoka msituni, akasimama njiani akiuliza kila kundi habari za mfua chuma mmoja, mrefu, mwenye kovu la moto kwenye kiganja. Wengine walisema labda. Wengine hawakusimama.