Pumzi ya Zenon

Wilibrodi aliitisha kikao cha ukoo kumjadili Luciana kana kwamba hayupo, naye alikuwapo, ameketi mbele yao na chungu cha pombe ya ulezi aliyoipika mwenyewe. Hakuna aliyeigusa. Miaka yote wamekula kwake wakanenepa, leo chungu chake kimekuwa sumu!

Kisa ni mumewe, Zenon, mdogo wake Wilibrodi. Alikwenda mgodini ng'ambo ya bonde akiwa mzima, mtu wa kuinua matuta shamba zima bila kunyoosha mgongo. Amerudi mikono inamtetemeka, hata kumwaga mbegu hawezi. Akitoka kwenda kisimani anasahau njia. Juzi alimwita Luciana kwa jina la dada yake aliyekufa.

"Umemlisha dawa ili akusikilize wewe tu," Wilibrodi alisema. "Imezidi, imempanda kichwani. Kesho urudi kwenu Milepa. Watoto watabaki hapa."

Damu ilimchemka Luciana. Anamlisha mgonjwa kwa mkono, anamvalisha, anamwogesha, halafu yeye ndiye mchawi?

Kabla hajajibu, mtu alipiga hodi. Alikuwa Kalisti wa Kaengesa, aliyefanya kazi mgodini pamoja na Zenon, amekuja kumjulia hali. Alipewa maji kwenye kibuyu, nusu yakamwagikia kifuani. Mikono yake ilitetemeka vilevile. 

"Na wewe nani kakulisha?" Luciana aliuliza. "Mkeo?"

"Mke gani, mama? Mimi sijaoa."

Luciana akamgeukia shemeji yake, akamkazia macho.

"Ni ule unga," Kalisti aliendelea. "Kila siku kabla ya kushuka shimoni walitufungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakapuliza unga mweusi wa alumini, madini haya haya ya sufuria. Eti unakinga mapafu na vumbi la mawe. Wakatuambia tuvute pumzi, tujaze kifua, tusiitoe mpaka bwana mkubwa wa mgodi aruhusu."

"Na bwana mkubwa alivuta?"

"Alisimama nje, mama. Mlango ulifungwa."

Daktari mmoja aliyepita mgodini aliwahi kumpima Kalisti. Alisema anadhani unga ukishavutwa, mwingine huingia kwenye damu, ukapanda hadi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, ukakaa huko, wa leo juu ya wa jana. Alipokwenda kuwauliza wakubwa wa mgodi, hakuonekana tena.

"Sisi wengine tuliziba pua kwa shati," Kalisti alisema. "Zenon alitucheka. Alisema kwao ni wahunzi, mtoto akizaliwa hunusishwa moshi wa tanuru, chuma hakimdhuru tena. Alivuta kuliko wote."

Wilibrodi aliinamisha kichwa. Ndiye aliyemwambia Zenon maneno hayo siku anaondoka. Kisha akakohoa, akaunyoosha mkono kwenye chungu.

"Shemeji, tunywe basi, yaishe."

"Yaishe?" Luciana alikivuta chungu kwake. "Umeniita mchawi mbele ya wanangu, leo unataka yaishe kwa pombe yangu? Hayaishi!"

Akachota, akamshikia Kalisti kibuyu mdomoni mpaka akanywa.

"Ahsante, mama," Kalisti alisema kwa sauti.

Zenon, aliyekuwa amejikunyata ukutani muda wote, aliisikia sauti ile ya mwenzake wa mgodini. Akasimama wima, akafungua kinywa, akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikajaa.

"Toa, Baba Dominika," Luciana alimwambia, akimpiga kifuani kwa viganja, machozi yanamtoka kwa hasira. "Toa pumzi. Toa!"

Zenon alimtazama kwa adabu, kifua kimejaa, akisubiri bwana mkubwa aruhusu.